Mguu Usiouma

Maharagwe yakishika chini ya sufuria kubwa, ile ya kuazima wakati wa msiba, hutoa harufu inayoingia kwenye nywele na kukaa humo. Nikiisikia hadi leo hapa Ganda, nainamisha uso. Bibi yetu mzaa baba alikuwa amefariki, na dada yangu Kadzo akapewa ruhusa ya siku tatu kutoka chuo cha ualimu. Kutoka kwetu alikuwa yeye peke yake kule. Wenzake walikuwa watoto wa mjini, tena wakimcheka anavyosema. Huyo bibi mwenyewe alikuwa mkali, aliwahi kumfukuza mtoza kodi kwa mwiko, lakini hayo si ya leo.

Kwetu msichana mkubwa wa nyumba ndiye mchota maji ya matanga, na kisima kilikuwa mbali. Baba akakata shauri: Kadzo arudi kufanya mtihani, na mimi Sidi, wa miaka kumi na mmoja, nishike debe. Shangazi Dama akasema, "Ala! Mwalimu anatuachia kifaranga!" Watu wakacheka. Nikaona haya, nikaona na wivu pia, sitaficha. Yeye viatu, yeye sanduku, mimi debe. Asubuhi ya safari niliamka nikichechemea.

"Una nini wewe?" Kadzo akauliza, sanduku liko kichwani.

"Mguu, dada. Siwezi kukanyaga."

Akanitazama, akatazama mapipa matupu na wageni waliojaa uani. Akatua sanduku. "Basi, nitakwenda kesho." Kesho yake nikachechemea tena, na kesho kutwa. Kila akitoka kisimani alinikanda kwa maji ya moto, nami nikipiga kelele pasipouma. Nilitaka kudekezwa siku moja tu, kisha sikujua pa kutokea. Alipofika chuoni mtihani ulikuwa umepita. Akaambiwa wanaoingojea nafasi yake ni wengi. Hakuna aliyemtetea. Kabla ya masika alikuwa ameolewa.

Mwezi uliopita tulipata msiba mwingine. Mjukuu wangu Kache, anayesoma chuo Kilifi, alikuwa jikoni nasi simu yake ilipolia. Aliyepiga alikuwa mwalimu wa chuo wa kuwafuatilia wanafunzi wanaotoweka, hasa watoto wa mashambani kama wetu, na sauti yake tuliisikia sote: "Kache, uko wapi? Pole sana. Mtihani wako tumeusogeza hadi Alhamisi, lakini uje." Wajomba zake wakamwitia pikipiki papo hapo.

Kadzo alikuwa kando yangu akichambua mchele, vidole vimekakamaa kwa jembe. Akacheka kidogo.

"Unaona, Sidi? Mimi kilichoniponza ni kukosa simu tu. Ningewapigia, nikawaambia mdogo wangu anaumwa."

Kinywa nilikifungua, naapa.

"Ndiyo, dada," nikamwambia. "Hatukuwa na simu."