Waridi la Miiba Mingi

Mwaka 1954, kule Tukuyu, jirani yangu Damari alimzika mwanawe Anyitike kando ya migomba ya nyumbani, kama desturi yetu. Kila ua alilopanda kaburini lilitafunwa na mbuzi wa Isakwisa, mtu asiyejua kufunga mifugo wala kuomba radhi.

Damari akaenda kwa mke wa mchungaji kuomba waridi.

"Chukua jekundu, Mama Anyitike, linanukia sana."

"Lipi lina miiba mingi?"

Mama mchungaji akamtazama, kisha akamkatia tawi la aina mpya, ile inayotambaa ukutani.

Likakua, likafunika kaburi lote. Mbuzi hawakusogea tena. Na Damari, aliyezoea kuupapasa ule udongo kila asubuhi, akawa anasimama pembeni, hana pa kuweka kiganja.