Maranda ya Samaki

Nilianza kumtunza yule bibi mwezi wa kumi na moja, theluji ya kwanza ilipokuwa inaanguka na kuyeyuka siku hiyohiyo. Alikuwa Mjapani, miaka themanini na sita, mjane wa Mmarekani aliyemleta Minnesota akiwa bado msichana. Aliishi na paka wake tu, ghorofa ya tatu, katika fleti moja huko Saint Louis Park. Mimi nilipanga nyumba katika kitongoji cha Crystal pamoja na mama mmoja Mkongomani kutoka Uvira, na sote wawili tuliajiriwa na kampuni moja ya kutunza wazee majumbani. Yeye ndiye aliyekuwa na gari. Kila asubuhi alinishusha kwa bibi, kisha akaendelea kwa mzee wake.

Siku ya kwanza nilimuuliza nimwite nani. Akataja jina la ukoo la mumewe, lakini alilitaja bila hamu. Nikamwambia kwetu Musoma mwanamke wa umri wake ningemwita Bibi. Akalijaribu neno lile mara mbili tatu, akasema, "Hilo linatosha."

Tulizungumza Kiingereza, yeye cha kwake na mimi cha kwangu, na mara nyingi tulimalizia kwa mikono.

Wiki ya pili aliniambia nifungue droo iliyo chini ya sinki. Ndani mlikuwa na kisanduku cha mbao chenye wembe juu yake, kama randa ya seremala iliyogeuzwa tumbo juu, na kando yake kipande kimoja cha rangi ya kahawia, kirefu kama kiganja, kigumu, chenye vumbi.

"Shika," akasema. "Ni nini hicho?"

Nikakigonga mezani. Kililia ko, ko.

"Mti?"

"Samaki," akasema, na mabega yakamtikisika. Alikuwa na kicheko kisicho na sauti.

Ni samaki wa jamii ya jodari, akanieleza. Wanamchemsha, wanambanika kwa moshi, wanamkausha miezi na miezi mpaka maji yote yanamwisha. Akakishika kipande kile kwa mikono miwili, akakisukuma juu ya wembe, na kisandukuni yakaanza kuanguka maranda, membamba, ya rangi ya waridi, kama yale tunayotandika kwenye mabanda ya kuku isipokuwa haya yalinukia moshi na bahari. Paka alitoka chumbani mbio kabla hata hajaitwa. Bibi alimwekea kidogo kwenye kibakuli chake sakafuni, mengine akayatia kwenye maji ya moto yaliyokuwa na kipande cha mwani, akasubiri kidogo, akachuja. Akanipa kikombe.

Nikanywa. Nikamwambia inanikumbusha maji ya dagaa, ila hii ni safi zaidi. Akataka kujua dagaa wanakaushwaje.

"Kwenye mchanga, ufukweni."

"Mchanga!"

"Ndiyo, Bibi. Unaosha mara tatu na bado unausikia kwenye meno."

Alilicheka jambo hilo wiki nzima. Tukawa watu wa jikoni. Jumamosi nilipokwenda Frogtown, kwenye maduka ya Waasia ya University Avenue, nilimletea mwani na mimi nikajinunulia vidagaa vikavu. Jumatatu alivikagua kimoja kimoja, akavitoa kasoro.

Mwezi wa kwanza alipata kiharusi. Hakikuwa kikubwa. Alirudi kutoka hospitali baada ya siku kumi, akiongea, akinitambua, lakini mkono wa kulia ulikuwa umelegea na koo lilikuwa limesahau kazi yake. Alikuja na karatasi. Mtaalamu wa kumeza alikuwa ameandika kwamba kila kinywaji, hata maji, kitiwe unga wa kukifanya kizito, kwa sababu chepesi kingeweza kupitia njia ya hewa na kuingia mapafuni. Vyakula vikavu vinavyovunjikavunjika, marufuku. Chumvi, kidogo sana. Niliibandika karatasi ile kwenye friji.

Alikuwa na binti mmoja tu, aliyeishi California na kupiga simu kila Jumapili. Hakuwa mtu mbaya. Aliniambia, "Tafadhali fuata karatasi. Sina mtu mwingine huko."

Nikafuata. Nilipika ile supu kama alivyonifundisha, nikatia unga, nikakoroga. Ikawa kama kamasi. Bibi alionja kijiko kimoja, akakirudisha mezani kwa mkono wa kushoto.

"Hii gundi," akasema.

"Ndivyo daktari alivyosema, Bibi."

"Daktari anakunywa hii?"

Baada ya hapo alianza kuacha chakula. Nilimpa viazi vya kuponda, akala vijiko vitatu. Nilimpa maziwa ya mtindi, akala viwili. Nguo zikaanza kumpwaya. Kila mchana aliomba supu yake, nyepesi, na kila mchana nikamkatalia kwa upole, mpaka nikaanza kuogopa saa sita ikikaribia.

Paka, yeye, aliendelea kula kama zamani. Kwa kuwa Bibi hakuweza tena kuranda, binti yake aliagiza pakiti za maranda yaleyale yaliyotengenezwa kwa ajili ya paka, bila chumvi, zenye picha ya paka anayelamba mdomo. Bibi alitaka nimpe paka mbele yake. Alikuwa akikaa kwenye kiti cha magurudumu, mikono mapajani, anamtazama paka akila mpaka kibakuli kinabaki kitupu. Sikulipenda jambo lile, lakini halikuwa kwenye karatasi.

Siku moja katikati ya mwezi wa pili niliteremka na nguo kwenye chumba cha mashine za kufulia, chini kabisa ya jengo. Sikukaa hata dakika kumi. Niliporudi nilimkuta Bibi ameinama kitini mpaka kichwa kinakaribia magoti, mkono wa kushoto umo kwenye kibakuli cha paka. Alikuwa anaokota maranda na kuyatia mdomoni. Paka alikuwa amekaa pembeni, anamtazama. Maranda mengine yalikuwa yamemganda kwenye midomo na kidevuni.

Nilimwinua. Akakohoa, akakohoa sana, uso ukabadilika rangi. Nikampiga mgongoni, nikamsafisha kinywa kwa kidole. Alipopata pumzi hakunitazama.

"Samahani," akasema. Kwa sauti ya mtoto aliyeiba.

Ile samahani ndiyo iliyonishinda. Mwanamke aliyekuwa na jiko lake, aliyewatoa kasoro dagaa wangu, ananiomba msamaha kwa kula kwenye chombo cha paka nyumbani kwake. Nikaingia jikoni. Nikachemsha maji na mwani, nikaranda samaki kwa mikono yangu, nikachuja. Sikutia unga. Nikamkalisha wima, kidevu chini kama mtaalamu alivyoelekeza, nikampa kijiko kidogo kimoja, nikasubiri ameze, nikampa kingine. Alifumba macho. Alikunywa nusu kikombe na akakohoa mara mbili tu.

Kwenye daftari la zamu niliandika: uji mzito, nusu bakuli.

Nilifanya hivyo mara nne katika wiki mbili. Nimezihesabu mara nyingi tangu wakati ule, na hazizidi nne. Kila mara nikaandika uji.

Asubuhi moja nilimkuta na homa, anapumua kwa kukoroma. Nikaita gari la wagonjwa. Hospitali walisema nimonia, ya kitu kilichoingia mapafuni. Binti alifika siku ya pili, na Bibi akafariki siku ya tisa. Sikuwepo. Nilikuwa nimepangiwa kwa mtu mwingine.

Binti alinikuta fleti, nimekwenda kuchukua viatu vyangu vya ndani. Alikuwa anajaza vyombo kwenye maboksi. Aliniuliza bila ukali, kama anayetaka tu kupanga mambo kichwani.

"Kuna kitu alikula ambacho hakikuwa kwenye karatasi?"

"Hapana," nikasema.

Akanishukuru kwa utunzaji. Akanikumbatia. Nilisimama ndani ya mikono yake kama gogo.

Paka ndiye aliyebaki. Binti alikuwa na mzio wa manyoya, na nyumba tuliyopanga sisi haikuruhusu wanyama. Aliniomba nimpeleke kwenye nyumba ya wanyama wasio na wenyewe. Mama wa Uvira akaendesha, mimi nikampakata paka ndani ya boksi lenye matundu. Barabara zilikuwa na barafu na paka alilia njia nzima. Msichana wa mapokezi alimpapasa mbavu, akauliza umri. Nikasema kumi na tano.

"Tutajaribu," akasema. "Lakini wa umri huu siwezi kukuahidi."

Nilipopiga simu wiki mbili baadaye, waliniambia figo zake zilikuwa zimekwisha na walimlaza kwa sindano, asiamke tena. Kwa Kiingereza walitumia neno hilohilo, kulala.

Wakati wa kurudi siku ile ya kumpeleka paka nilimwambia mwenzangu yote. Alipunguza mwendo, akasimamisha gari kwenye kituo cha mafuta.

"Umeshaambia mtu?"

"Wewe tu."

"Basi unyamazake, dada. Ule mama alikuwa anaenda tu, na supu ao bila supu. Ukisema, watakunyang'anya kazi, na yeye hatafufuka."

Nilinyamaza mpaka mwezi wa tano. Nilikuwa nalala vizuri, nisidanganye. Lakini kila nilipofungua daftari la zamu kwa mgonjwa mwingine, mkono ulikuwa unasita kwenye sehemu ya chakula. Nikaandika kila punje. Niliandika mpaka maji aliyomwaga. Jumapili moja baada ya kanisa nikakaa kwenye gari la mwenzangu, nikampigia binti.

Nilimweleza mwanzo mpaka mwisho: kibakuli cha paka, kukohoa, supu, mara nne, daftari.

"Alikuomba?" akauliza mwishowe.

"Kila siku."

"Mimi pia. Kila Jumapili. Nilimwambia, mama, haiwezekani." Kisha akauliza, "Ni supu, au ni yale aliyookota sakafuni?"

"Sijui. Madaktari nao hawawezi kujua."

"Nilikuuliza siku ile. Nilikuuliza usoni."

"Ndiyo. Nilikudanganya."

Nikasikia anahema. Kisha akasema, "Sijui nifanye nini na hili ulilonipa," na simu ikakatika.

Siku tatu baadaye kampuni iliniita ofisini. Binti alikuwa amewaandikia. Mwanamke wa ofisini alikuwa na nakala za daftari langu, zile kurasa nne zimepigwa mstari wa njano. Hakupaza sauti. Aliniambia kosa la supu wangeweza kulizungumza, lakini la kuandika uongo hakuna wanachoweza kulifanyia, na ni lazima taarifa ipelekwe serikalini. Nilitia saini. Akaniuliza kama kuna la kuongeza. Nikasema alikuwa na njaa. Aliandika hilo, au aliandika kitu.

Mwenzangu alinikasirikia miezi miwili. Si kwa sababu ya Bibi, bali kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nikakaidi. Baadaye alinitafutia nafasi kwenye kiwanda kikubwa kinachofua nguo za hospitali, na ndiko niliko mpaka leo. Mashuka yanakuja kwa magunia, tunayachambua kwa glovu. Mengine yana damu, mengine yana chakula kilichotemwa. Sijui ni ya nani. Hatuandiki chochote, tunapakia mashine, tunabonyeza, tunangoja.