Ndagala za Kabonga zilizoanikwa mara mbili

Jamani, shangazi yangu ametuaibisha leo hapa Magara, na bado nacheka!

Mgeni mmoja toka Bujumbura alikuja kutueleza sisi wauza ndagala, hawa dagaa wa ziwa letu: jina "Ndagala ya Magara" likisajiliwa, litakuwa letu wote. Mtu wa mahali pengine hataweza kuliandika kwenye mufuko wake. Lazima ndagala ivuliwe hapa na ianikwe hapa.

Makofi!

Shangazi akasimama. "Murakoze, asante sana! Hao wezi wa jina letu wafungwe!"

(Mnamjua hasira zikishampanda.)

Hajakaa vizuri, kamiyo ikasimama nyuma yake. Dereva akatoa kichwa dirishani:

"Mama, ndagala zako toka kule Kabonga ziko hapa. Nishushe?"

Mgeni anamwangalia. Sisi tunaangalia ziwa.

"Hizo ni za hapa hapa," shangazi akasema. "Zilienda Kabonga kutembea tu."

"Lakini zimeanikwa kule, mama."

"Eh? Basi ngoja."

Sasa hivi ninavyoandika, anazimwagia maji ya ziwa na kuzianika upya kwenye mchanga wa Magara.

Anayechota maji ni mimi.

Semeni: zikikauka, ni za wapi? Jibuni haraka, ndoo ni nzito.