Kitambaa cha Kiti cha Baiskeli

Mucheke, lakini mungoje nimalize. Nilimutaka Zaina, na baba yake alitaka mukwe mwenye mali. Basi nikaenda kukopa ngambo ya muto, kwa mufanyabiashara asiyenijua, nikanunua hisa za mugodi mumoja wa Kalima. Hisa hazikuzaa kitu. Riba ndiyo ilizaa kila mwezi, mpaka yule mutu akachukua baiskeli yangu iwe rehani. Njo ile baiskeli nilikuwa nampakia Zaina jioni. Kitambaa cha kiti alikifuma mwenyewe.

Siku ya posa nilivaa abakosti mupya, koti la wakubwa lisilo na tai, nikajigamba mbele ya baba yake:

"Baba, miye niko na hisa. Hata baiskeli nimewaachia wakubwa wa mugodi."

"Vizuri, situayen," akaniita kwa heshima kama raia mukubwa. "Tumungoje mujomba wa Zaina, bila yeye hatupokei posa."

Kengele ikalia uwanjani. Mujomba akaingia anasukuma baiskeli yangu. Alikuwa yule yule aliyenikopesha.

Zaina alitoka na maji ya kunawa. Akakiona kitambaa, akakipangusa vumbi polepole, kama zamani tulipokuwa tunashuka pamoja ku muto.

"Mujomba, mwenye baiskeli hii iko wapi?"

"Si njo huyu, amekaa ku mukeka wenu?"