Mbwa Aliyeitwa Mwaiba

Zamani mtu wa Quionga akisafiri alimwachia jirani mbwa wake kwa neno moja tu mlangoni. Siku hizi hata ufunguo wa choo anasafiri nao mfukoni.

Mzee Sufo aliyajua hayo, ila jicho lilimlazimisha. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba, na daktari aliyekubali kumpasua alikuwa Mtwara, Tanzania, ng'ambo ya mto Rovuma. Mkewe alikwisha kuzikwa, wanawe walitawanywa na vita. Aliyebaki ni mbwa, dume jekundu lililolinda mihogo dhidi ya nguruwe mwitu. Bila mlezi wa kuaminika, Sufo angerudi na jicho zima asione cha kumlaki.

Balaa lilikuwa jina. Mbwa aliitwa Mwaiba, yaani ninyi mnaiba. Enzi zile mbwa hakupewa jina la bure. Alipewa lile neno usiloweza kumwambia jirani usoni, ukaliita uani kila jioni, mlengwa akasikia, panga likabaki ukutani. Leo mbwa wote ni Bobi, na mapanga hayabaki ukutani. Mlengwa wa Mwaiba alikuwa jirani yake Khamis, aliyesogeza mpaka wa shamba akameza minazi ya Sufo. Khamis alikufa, jina likabaki likimwangukia mjane wake, Siwema.

Kwanza Sufo alimwendea Hélder, kijana anayelinda ghala huko Palma.

"Avô, babu, niachie mimi," Hélder akasema, macho kwenye simu. "Kule mabosi wanatafuta mbwa wa guarda, wa ulinzi. Huyu anapata patrão, bosi mzuri."

"Nimekuuliza malezi, unanijibu soko."

"Basi kaa naye, akuongoze njia ya Mtwara."

Sufo akatema mate, akaondoka. Kuzungukazunguka kote kukamfikisha penye ua wa Siwema, ambako hakuwa amekanyaga tangu ugomvi wa mpaka.

"Umepotea njia, Mzee Sufo?" Siwema aliuliza, bila kuacha kukuna nazi.

"Nataka wa kuniwekea mbwa."

"Huyo anayenitukana?"

"Huyo huyo."

Siwema alikuna kidogo. "Mbwa wa shamba dini haimkatazi. Nguruwe wanakula kwangu na kwako, hawaujui mpaka. Nitampa chombo chake. Ila lile jina halipiti mdomoni mwangu."

"Hajui jingine."

"Utaona."

Sufo akaenda zake moyo mkunjufu, wala si kwa shukrani. Mbwa haitiki bila jina. Kwa hiyo kila jioni mjane wa Khamis atasimama uani kwake mwenyewe apige kelele kwamba wao ni wezi. Alicheka mpaka mtoni.

Alirudi na jicho jipya. Alimkuta mbwa amelala kivulini kwa Siwema, amenenepa, manyoya yanang'aa. Mashamba yote mawili ya mihogo, la huku na la kule, yalikuwa mazima.

"Mwaiba," akaita.

Mbwa akainua sikio moja, akamtazama Siwema.

"Yamekwisha," Siwema akasema taratibu, na mbwa akanyanyuka papo hapo, akamfuata miguuni. "Ndilo jina lake sasa. Mchukue mbwa wako, mzee. Mwite tu, atakuja."

Sufo alifungua mdomo. Neno lilikuwa jepesi, hata mtoto angelisema. Lakini kulisema ni kuiacha minazi, ni kumsamehe maiti ambaye hakuomba.

"Umeniibia hata mbwa," akasema.

"Sikumfunga kamba."

Kila jioni baada ya hapo alisikia jina likiitwa ng'ambo ya mpaka, Yamekwisha, Yamekwisha, naye akala ugali wake peke yake. Hakwenda.

Kisha Siwema akaitwa na binti yake, ahamie kwake Mbau. Mara ya mwisho Sufo kuwaona ilikuwa asubuhi ile: mwanamke mbele, furushi kichwani, mbwa nyuma. Sufo alikuwa amesimama katika mihogo.

"Mwaiba," akaita.

Mbwa alisimama, akageuza kichwa. Siwema hakugeuka, alilitamka jina lile jingine kwa sauti ya kawaida, na wote wawili wakaendelea na njia.