Pamba ya Kopo

Kopo la dawa hulia. Vidonge tisini ndani ya plastiki, mwanamke akitembea, hulia kwa kila hatua, na kwenye bichi yetu ya wavuvi, ng'ambo ya kisiwa cha Takawiri, hapakuwa na mtu asiyeujua mlio ule. Wanawake wenyewe ndio waliotufundisha tiba yake, nayo ni pamba. Unashindilia pamba ndani ya kopo mpaka vidonge vinyamaze, unalifukia chini ya omena, dagaa wa ziwani, kwenye karai, kisha unapita mbele ya mume, mama mkwe na pasta, na salamu unawapa.

Mimi ni mtu wa Suna. Nilikwenda kule ziwani kufanya kazi katika mradi wa utafiti uliowafuatilia akina mama wenye virusi vya ukimwi ambao wananyonyesha. Tulikuwa na makontena mawili ya bati, friza moja na jenereta. Mama alipewa dawa, yeye na mtoto wakatolewa damu, damu ikawekwa kwenye friza, ili ijulikane ni nini hasa humkinga mtoto anyonyaye. Waliosoma walishika sindano. Mimi nilishika pamba, na kwa miaka miwili hakuna kopo lililotoka mkononi mwangu likilia.

Ijumaa moja asubuhi msimamizi wetu alitusomea barua kutoka kwenye simu yake. Serikali ya mbali iliyokuwa ikilipia mradi ilikuwa imebadilisha sera. Kazi isimame leo hii, damu isichukuliwe, na washiriki wasihudumiwe. Alirudia kuisoma kama mtu anayetafuta mahali alipokosea. Kisha akasema yeye barua hajaiona mpaka saa sita, na mpaka saa sita tugawe kila kopo lililobaki.

Wapiganapo tembo, nyasi huumia, husema wazee. Sisi hatukuona hata tembo wawili. Alikuwa mmoja tu, tena wa ng'ambo, na sidhani alijua amekanyaga nini.

Habari ya bichi haihitaji redio. Kufikia saa nne uwanja ulikuwa umejaa watu, na wengine hata hawakuwa wa mradi. Mwanamume mmoja alipanda juu ya pipa la maji akapiga kelele, "Wameuza damu yetu! Sasa wanahepa!" Basi. Jiwe la kwanza lilimpata askari wetu wa lango juu ya jicho. La pili lilivunja dirisha. Wanawake niliowajua kwa upole walikuwa wakivutana nywele kwenye mlango, mmoja akamng'ata mwenzake mkono na hakuachilia mpaka alipopigwa kofi. Askari aliburutwa ndani, damu ikimchuruzika mpaka kifuani. Nilichukua furushi lote la pamba nikalikandamiza kwenye lile jeraha. Likalowa lote.

Kisha nikarudi dirishani kugawa makopo, vigae vya kioo vikinichana mikono.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja, muuzaji wa omena, niliyemjua tangu akiwa mjamzito. Mtoto wake alikuwa na miezi sita. Alikuwa amepimwa mara mbili, mara zote salama, na kipimo cha tatu kilikuwa kifanywe wiki iliyofuata. Mume wake, mvuvi, hakujua lolote. "Akijua ataniua," aliniambia siku ya kwanza kabisa. Wengi husema hivyo, lakini huyu nilimwamini, kwa sababu nilishaona alama za vidole shingoni mwake.

Nilimpitishia makopo mawili. Akayatikisa, akanitazama.

"Nyaminwa, pamba!"

Nyaminwa, kwa Kijaluo, ni dada yetu. Hivyo ndivyo alivyoniita siku zote.

"Imeisha! Enda tu hivyo!"

"Hapana, nyaminwa. Yatanisema."

"Songa!" nikamfokea. "Watu wako nyuma yako!"

Kitambaa kilikuwa kichwani mwangu. Kanga ilikuwa kiunoni. Ningeweza kurarua kipande cha chochote. Sikurarua.

Jua lilikuwa bado halijazama jirani wa yule mama alipokuja mbio kuniita. Ile nyumba ni ya Wasabato, na jioni ya Ijumaa kila mtu huharakisha kazi ili Sabato iwakute wametulia. Ndiyo maana mume, ambaye siku zote hakushika karai la mkewe, siku hiyo alimpokea ili amalize upesi. Alipolitua chini, omena wakalia.

Nilimkuta mume amesimama juu ya mkewe na kasia. Alikuwa ameshampiga upande wa kichwa, sikio linatoa damu, na alikuwa akimpiga mgongoni huku mama amejikunja juu ya mtoto. Vidonge vilikuwa vimemwagwa kwenye tope na kukanyagwa. Majirani walikuwa wanatazama. Nilimwendea kwa nyuma, nikamsukuma, kasia likamtoka, nikaliokota. Nilimpiga magotini akaanguka. Nikampiga bega. Nikampiga tena pale pale, nikasikia kitu kikivunjika, na nilifurahi. Sitasema uongo kwamba nilijutia. Nilitamani angekuwa yule aliyetia sahihi, lakini huyu ndiye aliyekuwa karibu.

Kutoka pale topeni yule mume alinitazama akauliza, "Na mtoto? Mtoto wangu ako nayo?"

Kipimo cha tatu kilikuwa kimefutwa asubuhi ile. Nikalinyanyua kasia mara nyingine, ndipo wanaume wakanishika nywele na kuniburuta.

Mama alihamia kwa shangazi yake, karibu na Kosele. Alikwenda kutafuta dawa, akaambiwa alete barua ya uhamisho kutoka alikokuwa akitibiwa. Barua ilikuwa ndani ya faili, faili ndani ya kontena, na kontena lilikuwa limetiwa kufuli mpya na watu wasiopokea simu. Wiki zikapita. Alikuwa akinyonyesha, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kumpa mtoto. Wiki ya tano nilirudi bichi, nikachukua jiwe nikaivunja ile kufuli mbele ya kila mtu mchana kweupe. Harufu ilinirudisha nyuma. Friza ilikuwa imezimwa, na damu yote tuliyokusanya ilikuwa imeoza ikitiririka hadi mlangoni. Nilivuka juu yake nikaitoa faili. Wakati huo mtoto alikuwa ameshaanza homa.

Sasa nauza nyanya sokoni Suna. Mwezi jana nilimwona yule mama akipita, karai kichwani, mtoto akitembea kando yake ameshika kanga. Nilimwita mara mbili hakugeuka. Sikio la kushoto halisikii tena. Nikazunguka upande wa kulia, tukashikana, tukalia kidogo, tukacheka pia, maana alinikumbusha jinsi nilivyoburutwa.

Mtoto alikaa chini kati ya madebe yangu. Mkononi alikuwa na kopo la dawa, akilitikisa kama kayamba, chaka chaka chaka, hata wateja wakageuza shingo. Mikono yangu iliruka yenyewe. Nilishararua pindo la kanga kabla sijajua ninafanya nini.

"Lete hilo kopo lako," nikamwambia mama. "Linalia, watu wanasikia."

"Wacha lilie, nyaminwa."

"Watajua."

"Langu liko nyumbani," akasema. "Hilo ni lake."

Mtoto alinitazama, akalitikisa tena.