Bibi Wawili na Ngoma Zao Siku ya Wazazi

Wenzangu tuliokulia upande wa Gulwe, enzi zetu saa ilikuwa treni. Ikipiga honi asubuhi, ujue umechelewa namba shuleni. Tulikimbia peku kwenye vumbi, karanga za kukaanga mfukoni, vidole bado vinateleza kwa mlenda wa kiporo. Mapumziko tulicheza rede na mdako mpaka kucha zikajaa udongo. Watoto wa sasa wanacheza mpira kwa kidole gumba, na wakifungwa wanasingizia bando.

Mimi nililelewa kwenye nyumba isiyo na mwanamume. Mama alifariki nikiwa bado nanyonya. Baba alipanda treni kwenda kutafuta kazi, na mpaka leo hajashuka. Nikabaki na wajane wawili wa babu yangu: Bibi Mkubwa, aliyemzaa mama, na Bibi Mdogo, mke mwenza wake, ambaye hakujaliwa mtoto. Babu alipozikwa, watu walitegemea wale wawili wagawane vyungu na kila mmoja ashike njia yake. Wao wakahamishia vitanda chumba kimoja, wakaniweka katikati. Walisali pamoja kabla ya kula, wakagombana pamoja baada ya kula.

Nilipokuwa darasa la tatu, mwalimu mkuu alichoshwa na akina baba waliokuwa wakiikwepa mikutano ya shule. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka dawa, akachukua ile chungu kuliko zote. Akatangaza mstarini: "Jumamosi ni siku ya wazazi. Kila mtoto atasimama na baba yake. Atakayekuja bila baba, Jumatatu asionekane darasani mpaka amlete!"

Wa kwangu ningemtoa wapi? Nilirudi nyumbani, nikajificha nyuma ya ghala la uwele, nikalia. Bibi zangu sikuwaambia kitu. Moyoni nilishaaga shule.

Ila mwalimu wetu wa darasa, Mwalimu Yuditha, alikuwa na desturi yake. Siku ya kwanza ya muhula hakuwa akituuliza majina ya baba zetu. Alimsogelea kila mtoto, akainama na kuuliza polepole, "Nyumbani, asubuhi unaamshwa na nani?" Jibu aliliandika kwenye daftari lake. Wiki ile alilifungua, akaanza kuzungukia nyumba za watoto walioamshwa na shangazi, na kaka, na mama peke yake. Alhamisi jioni akafika kwetu, miguu imejaa vumbi, akawaeleza bibi zangu tangazo ambalo mimi nililificha.

"Sasa mwalimu," akasema Bibi Mkubwa, "wameitwa akina baba. Sisi ndevu zetu ziko wapi?"

"Mama, mtoto huyu anaamshwa na nani?"

"Na mimi. Huyu mwenzangu akilala, hata treni haimwamshi."

"Na nani anamwogesha?"

"Mimi," akadakia Bibi Mdogo. "Huyo anayejisifu humrudisha na povu masikioni."

Mwalimu Yuditha akacheka, kisha akatazama ukutani. Pale zilining'inia ngoma zao za muheme, zile ambazo kwetu Ugogoni wanawake huzibana mapajani na kuzipiga. "Basi Jumamosi njooni," akasema. "Na hizo msiziache."

Jumamosi ikafika. Majina yakasomwa, kila mtoto akasimama na baba yake, watu wakapiga makofi. Likasomwa langu. Nikasimama peke yangu.

"Baba yake?" akauliza mwalimu mkuu.

Mwalimu Yuditha akainuka. "Mwalimu mkuu, wa kwao wapo."

Hapo ngoma ikalia. Bibi zangu walitokea nyuma ya darasa, migongo imepinda kidogo, ngoma mapajani, wanapiga kama wasichana. Akina mama wakapasua vigelegele, wakaingia uwanjani. Akina baba nao hawakuweza kukaa. Vumbi likapanda mpaka bendera haionekani, na mimi katikati yao nacheza, machozi na kicheko pamoja. Nilimwona mwalimu mkuu akijikaza, lakini mguu wake ulishamsaliti.

Ngoma iliponyamaza, alichukua kalamu. "Haya, niandike nani hapa?"

"Andika wote wawili," akasema Mwalimu Yuditha.

"Anza na mimi," Bibi Mdogo akasema akihema. "Huyo alishanitangulia kuolewa, inatosha."

Mwalimu mkuu alicheka mpaka akavua miwani, akaandika. Kisha akasema mbele ya wote kwamba amekosea, na kila mtoto aje na anayemlea. Jumatatu wenzangu wanne waliobaki nyumbani kwa aibu walirudi darasani, mmoja ameshikwa mkono na kaka yake mchunga mbuzi. Hakuna aliyekosa dawati.

Nami nikasoma, nikawa mwalimu, nikafundisha Kongwa mpaka nikastaafu. Kila muhula nilianza kwa swali lile lile. Namshukuru Mungu kwa kila jina nililoandika.

Juzi nilimpeleka kitukuu wangu kuanza darasa la kwanza Ihumwa. Wazazi wake wako mbali, naishi naye mimi. Shule ya sasa ina vigae na kundi la wazazi kwenye simu, ambalo kazi yake kubwa ni kutakiana asubuhi njema. Honi ya treni yetu ya zamani watoto hawaijui. Nilikuwa nawaza ni nani siku hizi ana muda wa kuinama, nikamwona mwalimu wake, binti mdogo, anainama.

"Nyumbani, asubuhi unaamshwa na nani?"

Sijui alilitoa wapi swali lile, wala sikuuliza.

"Na simu," akajibu mtoto.

Wazazi wakaangua kicheko. Binti hakucheka. Akauliza tena, taratibu, "Na hiyo simu inategwa na nani?"

Mtoto akageuka, akaninyooshea kidole. "Na bibi yangu yule."

Binti akaandika jina langu.